Leida Wesselink na Chumba cha Ukungu

Leida Wesselink alichora maua kwa miaka ishirini na sita, na hakuyapenda hata siku moja. Dirishani kwake hapakuwa na chungu cha maua wala jani. Alikuwa mchora nakshi wa kiwanda kimoja cha mapazia na vitambaa vya meza hapa Enschede, mashariki mwa Uholanzi. Kazi yake ilikuwa kuchora kipande cha mraba, nacho mashine ilikirudia na kukirudia mpaka jora liishe. Kingo zote za mraba ule zilipaswa kukutana: jani lililokatikia kulia lilimalizikia kushoto, shina lililoishia chini liliendelea juu. "Ukikosea unywele mmoja," alizoea kutuambia, "kosa lako litaning'inia kwenye madirisha ya watu elfu kumi, na kila asubuhi watalifungua na kulifunga wakikulaani."

Viwanda vyetu vilikufa kimoja baada ya kingine, na chake kikafuata. Jengo lilikaa tupu miaka kadhaa, likachafuliwa na njiwa, halafu manispaa ikaligeuza nyumba ya sanaa. Leida akarudi kwa mlango uleule aliotokea, ila safari hii akiwa mlinzi wa vyumba vya maonyesho. Akae kitini, aangalie, awakanye wanaogusa. Mimi, Hennie Lohuis, nilikuwa fundi umeme wa jumba hilo. Saa nne ya kila asubuhi tulikunywa kahawa pamoja, miaka kumi na mmoja mfululizo, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Ambayo sikuyaona niliyasikia, kwa sababu Leida akikasirika ukuta wa matofali haukuzuii kumsikia.

Machi ya mwaka 1993 aliletwa kwetu msanii kutoka Amsterdam, jina lake Jurriaan van Asperen. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, sweta jeusi, miwani ya duara, na kompyuta mbili alizozibeba kifuani kama mtu aliyebeba watoto mapacha. Siku ya kwanza tu alimwita Leida kwa jina lake.

"Habari, Leida! Nimesikia wewe ndiye utakayekaa na kazi yangu."

"Bibi Wesselink," akasema Leida.

"Sawa, sawa. Mimi niite Jurriaan tu."

"Ndiyo, bwana."

Kazi yenyewe aliiita Ukungu, na nitasema ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Alikuwa ameingia kwenye nyumba za mtaa mmoja uliokuwa ukibomolewa, akapiga picha vyumba mia nne: jikoni, vyumba vya kulala, ngazi zenye viatu. Akarekodi na sauti. Vyote akaviingiza kwenye kompyuta. Wewe mgeni uliingia kwenye chumba chenye giza. Ukutani projekta ilirusha weupe mtupu, na katikati palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa kinene cha kijivu, juu yake kipanya kimoja cha kompyuta. Ukikisogeza kipanya polepole, ukungu ule wa ukutani ulipasuka, na nyuma yake ukaona jikoni kwa mtu, birika likichemka, redio ikisema, mtu akikohoa chumba cha pili. Ukibofya juu ya mlango, ulifunguka ukaingia chumba kingine. Ukienda haraka, ukungu ulijifunga.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua hayo. Jurriaan hakuandika neno hata moja, si mlangoni, si ukutani, si mezani. Alitaka hivyo. Na watu wa huku kwetu, tangu utotoni, wamefundishwa kwamba mahali pa sanaa mikono inakaa nyuma ya mgongo.

Basi wakaingia, mikono nyuma. Wakasimama. Wakatazama ukuta mweupe dakika mbili, tatu, kwa adabu. Wakageukiana.

"Imeharibika?"

"Labda bado hawajawasha."

Wakatoka kumtafuta Leida.

"Bibi, samahani, filamu inaanza saa ngapi?"

"Si filamu. Kuna kipanya mezani. Kisogeze."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Wewe huoni tatizo tukigusa?"

"Gusa, mama, gusa! Ndiyo maana kimewekwa!"

Mzee mmoja aliinua kipanya akakielekeza ukutani kama anabadilisha stesheni ya televisheni. Bibi mwingine, aliyeshona mashuka maisha yake yote, alikichukua akakiweka sakafuni, akakikanyaga kwa ncha ya kiatu kama pedali ya cherehani, halafu akangoja. Leida aliniambia habari hiyo bila kucheka. "Hennie," alisema, "yule mama hakukosea. Maisha yake yote, kitu kidogo chenye waya kikikaa karibu na meza, unakikanyaga. Aliyekosea ni aliyekiweka pale bila kusema kitu."

Wiki ya pili akaanza kuweka daftari. Kila aliyekuja kumuuliza, mstari mmoja. Kila aliyeingia akatoka bila kugusa, nukta. Siku ya Jumamosi alinionyesha: mistari arobaini na mitatu, nukta sabini na moja. Waliogusa wenyewe bila kuambiwa walikuwa tisa.

"Tisa!" alisema, akapiga meza mpaka kahawa yangu ikaruka. "Mtu amepiga picha vyumba mia nne, halafu vinaonwa na watu tisa! Sisi tungetoa kitambaa ambacho watu tisa tu wanajua upande wa kukitundika, meneja angetutupa kwenye mfereji wa maji pamoja na brashi zetu."

Jumanne yake akakata kipande cha kadibodi, akaandika kwa herufi zake nzuri za kiwandani: GUSA. HAKIVUNJIKI. Akakisimamisha mezani kando ya kipanya. Mpaka Jumatano jioni daftari lilikuwa na mistari mitano tu.

Jurriaan alikuja Alhamisi kubadilisha kitu kwenye mashine yake. Nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha taa ya ukumbini nikasikia.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi," akasema Leida.

"Leida, hapana. Hapana, hapana, hapana. Hii inaua kila kitu."

"Bibi Wesselink."

"Bibi Wesselink! Sikiliza. Mgeni anapaswa kupotea. Anasimama mbele ya weupe, hajui afanye nini, na pale pale, kwenye kutojua, mkono wake wenyewe unaamka. Ukimwonyesha njia umemnyima safari."

"Safari gani, bwana? Wamefika mlangoni wakarudi nyumbani. Wamekula mkate wao na jibini, wamesahau. Nina hesabu yao hapa."

"Sanaa haipimwi kwa daftari."

"Aliyekuja na baiskeli kwenye mvua kutoka Glanerbrug akaona ukuta mtupu, yeye anapimwa kwa nini?"

Jurriaan akaichukua ile kadibodi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kesho yake Leida akaweka nyingine. Wiki iliyofuata ikaondolewa. Akaweka ya tatu, ndogo zaidi, akaifunga kwa uzi kwenye waya wa kipanya. Hiyo ilikatwa kwa mkasi. Mkurugenzi wetu, Bwana Kienhuis, mtu mpole aliyechukia kelele kuliko alivyochukia moto, aliwaita wote wawili ofisini akawaomba waelewane. Hawakuelewana. Mwisho Jurriaan alisimama, uso umemwiva kama kiazisukari chekundu cha kuchemsha, akasema:

"Kama unajua zaidi yangu, tengeneza yako!"

Kwa watu wa Amsterdam maneno hayo maana yake ni nyamaza. Kwetu mtu akikwambia tengeneza, amekuambia tengeneza.

"Sawa," akasema Leida. Akamgeukia mkurugenzi. "Zile kompyuta za juu, za darasa, Jumatatu zinakaa bure, si ndiyo?"

Bwana Kienhuis akaangalia dari, akaangalia viatu vyake. "Jumatatu tumefunga," alisema.

"Ndiyo maana nauliza."

Jumatatu alikuja na bomba la kadibodi kwapani. Ndani mlikuwa na michoro yake ya zamani, ile ambayo kiwanda kilipofungwa ilitupwa uani naye akaiokota kwenye tope. Nilimfungia skana, nikamwonyesha namna ya kuingiza picha, kwa kadiri nilivyojua, nami nilijua kidogo sana. Kompyuta zile zilikuwa na programu ya kupanga kurasa kama kadi za karata: kila kadi unaipa picha, unaipa kitufe, unaandika mistari michache ya maagizo kwamba kitufe kikibofywa ifanyike hivi. Leida alisoma kitabu kizima cha maelekezo ya programu ile, kilichoandikwa Kiingereza, akiwa na kamusi gotini. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Sitaki nidanganye kwamba ilikuwa furaha. Ilikuwa matusi tangu Aprili mpaka Agosti. Mashine ile ikizidiwa ilionyesha picha ya bomu dogo jeusi lenye utambi, na chini yake maneno ya kuomba radhi kwa hitilafu. Basi, kazi yote uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda.

"Inaniomba radhi!" alipiga kelele kutoka ghorofa ya pili. "Hennie! Njoo uone! Imekula kazi ya tangu asubuhi halafu inaniomba radhi! Mume wangu ana miaka thelathini kwenye ndoa hajaniomba radhi, hii takataka inaniomba mara sita kwa siku!"

"Uliihifadhi?"

"Nikuhifadhi wewe!"

Mumewe, Bennie, mfugaji njiwa wa mashindano, aliniuliza mtaani kama mkewe anaumwa. Nikamwambia anajifunza kompyuta. Akatikisa kichwa kwa huzuni kama aliyeambiwa jambo baya zaidi.

Alichokuwa anakitengeneza ni hiki. Kwenye skrini palikuwa na mraba mtupu. Pembeni vipande vyake vya zamani: majani, mashina, maua, ndege mmoja. Mgeni anachukua kipande, anakiweka popote kwenye mraba, halafu anabofya kitufe kilichoandikwa FUMA. Hapo mraba wake unaanza kujirudia, safu kwa safu, mpaka skrini nzima inakuwa kitambaa. Kama kingo hazikukutana, ufa unaonekana, unajirudia juu mpaka chini kama kovu. Huwezi kuuficha. Inabidi urudi ukarekebishe.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni mwendo wa mashine. Kitambaa kilichukua sekunde arobaini kujaa. Alijaribu kila njia kukiharakisha, akapunguza rangi, akapunguza ukubwa. Sekunde thelathini na nane. "Mtu gani atasimama sekunde thelathini na nane?" alisema. "Watakwenda zao. Mimi mwenyewe ningekwenda zangu."

Bwana Kienhuis alimpa kona ya ukumbi wa chini, karibu na dirisha, mwanzoni mwa Septemba. Hakukuwa na hotuba wala divai. Leida aliwaandikia kadi baadhi ya watu wa zamani wa kiwandani, na Jumapili ya kwanza mchana wakaja kama ishirini, na makoti yao mazuri, na mkate wa zabibu ambao mmoja wao aliukata juu ya boksi langu la vyombo vya kazi.

Wa kwanza kukaa alikuwa Gerrit Nijkamp, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha mitambo ya kufumia. Akaweka jani. Akaweka ua. Akabofya FUMA. Safu ya kwanza ikashuka, ya pili ikafuata, ya tatu. Gerrit akaanza kugonga goti kwa kiganja, taratibu, akifuatana na zile safu, na wengine wakaanza kugonga meza, gonga, gonga, kama mitambo ilivyokuwa ikigonga. Wala hakuna aliyeondoka. Ule uvivu wa mashine ndio uliowashika. Na kitambaa kilipojaa, ufa ukaonekana, wima, katikati kabisa, wakapiga ukelele wote kwa pamoja.

"Gerrit! Angalia pazia lako hilo!"

"Ungefukuzwa mchana huohuo!"

"Nyamazeni," akasema Gerrit, akivuta kiti mbele. "Jani limehama lenyewe."

"Jani halihami," akasema Leida nyuma yake. "Umelihamisha wewe."

Watu walinishika mkono mimi kwa sababu yeye hakutaka kushikwa. Alikuwa amenuna kwelikweli. Alisema miezi mitano amepigana na uvivu wa mashine ile, na sasa watu wazima wanaupigia makofi uvivu wenyewe, kazi aliyoifanya vizuri hakuna aliyeitaja.

Jurriaan alikuja siku ya Jumatano. Chumba chake cha Ukungu kilikuwa kimeongezewa muda mpaka Oktoba, alikuwa anapita tu. Alisimama mbele ya kona ya Leida, akatazama kitufe cha FUMA, na kibao kilichosema ANZIA HAPA, na mshale.

"Mshale," alisema.

"Mshale," akakubali Leida.

"Huu ni ufundi, si sanaa, Bibi Wesselink. Sisemi vibaya. Lakini mgeni hagundui chochote. Umemwambia kila kitu."

"Kaa."

"Nina treni saa—"

"Kaa, bwana."

Akakaa. Akaweka shina, akaweka ua, akabofya. Ufa. Akarekebisha, akabofya, akangoja sekunde thelathini na nane akitingisha mguu. Ufa umehamia pembeni. Akarekebisha tena. Nyufa mbili. Leida alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Kushoto kidogo," alisema. "Siyo huko. Shina lako linakatika juu, litafute chini."

"Usiniambie!" Jurriaan alipaza sauti bila kugeuka. "Nitaona mwenyewe!"

Nilikuwa karibu na mlango. Nikamtazama Leida, naye akanitazama. Alikwenda akaketi kwenye kiti chake cha ulinzi akafungua gazeti, akimwacha apotee.

Jurriaan alikaa dakika hamsini. Treni ilikwenda, na iliyofuata ikaenda. Mwishowe kitambaa kilishuka kikiwa kizima, safu kwa safu, bila ufa, na Jurriaan akainuka mwenyewe kama aliyefunga goli, akaangalia huku na huku amtafute wa kumwonyesha. Tulikuwa sisi wawili tu.

"Hm," alisema Leida juu ya gazeti. "Ua limekaa ovyo. Lakini limekutana."

Jurriaan alirudi Ijumaa na kompyuta begani, akajifungia kwenye chumba cha Ukungu siku nzima. Alipomaliza alituita. Tuliingia gizani. Ukuta mweupe, kama kawaida. Tukasimama. Baada ya dakika moja hivi, kwenye kona ya chini, ukungu ukajipasua wenyewe kidogo tu, upana wa kiganja, tukaona ncha ya zulia na mguu wa kiti, na birika likaanza kuchemka kwa mbali. Halafu ukajifunga. Na mezani, taa ndogo ikakimulika kipanya kwa kitambo, ikazimika.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kipanya kabla sijafikiri.

"Hakuna kadibodi," akasema Jurriaan.

Leida alivuta pumzi ndefu. "Tangu Machi," alisema. "Tangu Machi, bwana! Ungeweza kufanya hivi tangu Machi!"

"Sikujua mpaka Jumatano."

"Watu elfu mbili wamepita hapa!"

"Najua. Samahani, Bibi Wesselink."

Leida akatoka mle ndani akinung'unika mpaka jikoni. Lakini wiki iliyofuata daftari lake lilikuwa na mistari sita tu, na ya baada yake miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili alikuwa mtu anayetafuta choo.

Kazi zao zote mbili zilipelekwa Arnhem majira ya baridi, kwenye maonyesho ya watu wanaofanya mambo ya namna hiyo. Leida alikaa kule siku nne kando ya mashine yake, akiiwasha upya kila bomu lilipotokea, na vijana wa vyuo wakimwuliza maswali marefu ambayo nusu yake hakuyaelewa. Alirudi na mafua. Alisema wengi wa wale wasanii walikuwa na mashine nzuri na hawajui mikono ya watu ilivyo.

Huko Arnhem ndiko chuo kimoja cha usanifu kilikomsikia. Wakamwomba afundishe kila Jumanne. Alifundisha miaka kumi na mmoja, na kila mwaka wanafunzi walimlalamikia kwa mkuu wa chuo, kwa sababu mwezi mzima wa kwanza hakuwaruhusu kuwasha kompyuta. Karatasi, mkasi, gundi. Kata mraba, upindue, tafuta ufa. Halafu ulichotengeneza mpe mtu usiyemjua, nenda ukasimame nyuma yake ufunge mdomo. Waliofunga mdomo aliwapasisha. Mkuu akimwita, alimjibu kwamba kama wana mwalimu mwingine, wamlete Jumanne, yeye atakwenda kumsaidia Bennie na njiwa. Hawakumleta.

Mmoja wa wanafunzi wale, Anneloes, ndiye aliyesanifu skrini za mashine ya kuazimia vitabu iliyoko kwenye maktaba yetu. Leida ana miaka zaidi ya themanini sasa, anasoma riwaya za mauaji, na kila mashine ile inapomkera hampigii simu mtu wa maktaba. Anakwenda nyumbani anaandika barua kwa mkono, kurasa mbili, na mchoro: kitufe kilivyo, na kinavyopaswa kuwa. Anneloes hujibu kila mara, naye kwa mkono. Mara mbili amekirekebisha. Kuhusu barua ya tatu, ya rangi ya kitufe cha kurudisha, bado wanabishana, na kwa nilivyoona uso wa Leida juzi sokoni, hakuna dalili ya suluhu.